MGENI NJOO, MWENYEJI APONE? NYUMBA ZA MAWE ZA WALES NA WAGENI WA LIKIZO

Methali iliyo kwenye anwani hapo juu hakuna asiyeijua. Tumeiandikia insha tangu shule ya msingi, na kila mara kisa kilikuwa kile kile: mgeni alibisha hodi, kuku akachinjwa, watoto wakala wali siku isiyo ya sikukuu, na mwenyeji akapona. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kujiuliza kama methali hii ni kweli siku zote? Mgeni akija na pesa nyingi kumliko mwenyeji, akaipenda nyumba hata akaitaka iwe yake, je, hapo mwenyeji hupona ama huugua zaidi? Ndiyo sababu nimeitia alama ya kuuliza.

Ili tupate jibu, nitawatembeza mbali kidogo, hadi nchi ya Wales. Huko mashambani kuna nyumba ndogo za mawe, za kale, ambazo wageni huzikodi kwa wiki moja au mbili wakati wa likizo. Tutaona jinsi zilivyojengwa na mgeni anavyoishi ndani yake. Halafu tutafika kwenye ugomvi. Tafadhali usifunge jarida kabla ya ugomvi, maana huo unatuhusu sana sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili.

WALES NI WAPI?

Wengi wetu tukitaja Uingereza huwa tunadhani kwamba wote walioko huko ni Waingereza na lugha yao ni moja. La hasha! Wales ni nchi iliyo upande wa magharibi wa kisiwa kile, imepakana na England upande wa mashariki, na pande nyingine imezungukwa na bahari. Katika sensa ya mwaka 2021 ilikuwa na watu wapatao milioni 3.1. Kondoo wake ni karibu mara tatu ya watu, kwa hivyo ukipotea njia huko mashambani utapata kondoo wa kumwuliza kabla hujampata mtu!

Kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo ndiko kwenye milima ya Eryri, ambayo Waingereza huiita Snowdonia. Mlima mrefu kuliko yote ni Yr Wyddfa, wenye mita 1,085. Sisi tulio na Mlima Kenya wa mita 5,199 tunaweza kuucheka kidogo, lakini tusiucheke kwa mvua. Sehemu za juu za milima hiyo hupata zaidi ya milimita 4,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara mbili ya mvua ya Kericho. Upepo nao hutoka baharini na kuvuma siku nyingi za mwaka. Ni katika hali hiyo ya hewa ambapo wakulima na wafugaji maskini walilazimika kujenga nyumba itakayosimama.

NYUMBA YENYEWE

Mjenzi wa zamani hakuwa na lori la kumletea vifaa. Alitumia kilichokuwa karibu naye, na kilichokuwa karibu naye ni mawe. Shamba lenyewe lilikuwa limejaa mawe, na kila alipolima aliyaokota na kuyarundika. Hayo ndiyo aliyojengea zizi, ukuta wa mpaka na nyumba.

Ukuta wa nyumba hizo huwa na unene wa sentimita 60 au zaidi. Kwa kawaida ni kuta mbili zilizosimama pamoja, moja ikitazama nje na nyingine ndani, na katikati pamejazwa vijiwe na udongo. Hapa na pale jiwe refu hulazwa likishika pande zote mbili zisiachane. Mawe yaliunganishwa kwa udongo au kwa chokaa, kisha ukuta ukapakwa chokaa nyeupe.

Msomaji wa kutoka Lamu atasema, "Aa, hiyo si ni kama nyumba ya kwetu?" Naam, zinafanana kwa kiasi kikubwa. Nyumba za mawe za Lamu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zikashikiliwa na boriti za mikoko. Kote kuwili ukuta ni mnene na kazi kubwa inafanywa na chokaa. Tofauti ni kwamba ukuta wa Lamu unazuia joto lisiingie, na ukuta wa Wales unazuia upepo na baridi.

Sasa, hapa pana jambo moja la kisayansi ambalo ningependa mlishike. Ukuta wa mawe na chokaa hupumua. Mvua ikinyesha, ukuta hunywa maji kidogo. Jua na upepo vikija, maji hayo hutoka tena kupitia kwenye chokaa. Mtu akija na saruji akaupiga lipu ukuta huo ili upendeze, maji yaliyomo ndani hukosa pa kutokea. Ukuta huanza kutoa ukungu, mbao huoza na nyumba hunuka unyevu. Mafundi wa Wales wanalijua jambo hili, na mafundi wa Lamu pia wanalijua.

Paa nalo zamani liliezekwa kwa nyasi na matete. Baadaye, machimbo ya sleti yalipopanuka katika karne ya 18 na ya 19, nyumba nyingi zikaezekwa kwa sleti. Sleti ni lile jiwe la kijivu au la zambarau linalopasuka mabamba membamba kama kurasa za daftari. Ndilo lililotengenezewa pia vibao vya kuandikia wanafunzi wa zamani. Sleti ya Wales ilisafirishwa kwa meli hadi nchi nyingi za dunia. Mwaka 2021 UNESCO iliyaorodhesha maeneo ya machimbo hayo kuwa urithi wa dunia, kama vile ilivyouorodhesha Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001.

Ndani, nyumba ya mtu maskini ilikuwa na chumba kimoja au viwili tu. Upande mmoja kulikuwa na meko makubwa yenye dohani pana, yanayoitwa simdde fawr, yaani "dohani kubwa". Familia ilipika hapo, ikaota moto hapo, na hadithi zikasimuliwa hapo. Upande wa pili kulikuwa na dari ya nusu nyumba iliyopandwa kwa ngazi. Dari hiyo huitwa croglofft, na ndipo watoto walipolala, chini kabisa ya paa. Madirisha yalikuwa madogo na mlango mfupi. Mgeni mrefu huujua ufupi huo kwa paji la uso siku ya kwanza!

NYUMBA YA USIKU MMOJA

Kuna masimulizi ambayo kila mtu wa huko huyajua. Yanahusu tŷ unnos, maana yake "nyumba ya usiku mmoja". Watu waliamini kwamba mtu asiye na ardhi akijenga nyumba katika ardhi ya umma baada ya jua kutua, na moshi ukawa unatoka kwenye dohani kabla ya jua kuchomoza, basi nyumba ni yake. Tena akisimama mlangoni na kurusha shoka pande zote, mahali shoka linapoangukia ndipo mpaka wa shamba lake.

Sheria iliyoandikwa haikusema hivyo hata kidogo. Lakini maskini aliyaamini hayo, na katika usiku huo mmoja ndugu, marafiki na majirani walikusanyika, wengine wakibeba mawe, wengine wakikata nyasi za paa. Karibu na kijiji cha Betws-y-Coed ipo nyumba iitwayo Tŷ Hyll, yaani "nyumba yenye sura mbaya", kwa sababu ya mawe yake makubwa yasiyochongwa. Inasemekana kwamba ilijengwa kwa njia hiyo. Iwe kweli au isiwe kweli, angalia kilichofanya nyumba ihesabiwe kuwa nyumba: moshi. Ukuta peke yake haukutosha. Ilibidi kuwe na mtu ndani aliyewasha moto. Liweke hilo akilini, nitalirudia.

WIKI YA LIKIZO

Hebu sasa tumfuate mgeni wa siku hizi. Tuseme anatoka mji mkubwa wa England kama vile Manchester au Birmingham. Amechoshwa na magari na kelele. Amekodi nyumba ya mawe kwa wiki moja, na desturi ya miaka mingi ni kukodi kutoka Jumamosi hadi Jumamosi.

Anafika jioni mvua ikinyesha. Mara nyingi mwenye nyumba hayupo. Ufunguo umewekwa katika kijisanduku kando ya mlango, na nambari ya kukifungua ametumiwa. Mezani kuna daftari la maelezo: maji ya moto huwashwa hivi, takataka hutolewa siku fulani. Mwenye nyumba mkarimu huacha pia maziwa na bara brith. Msishtuke, jamani, kwao "bara" ni mkate, wala si kinyume cha pwani! Bara brith ni mkate mtamu wenye zabibu kavu zilizolowekwa kwenye chai, na maana ya jina lake ni "mkate wenye madoadoa".

Kazi ya kwanza ni kuwasha moto. Nyumba ya mawe haipashwi joto kwa dakika tano. Kama haikuwa na mtu kwa majuma kadhaa, mawe yenyewe yamekuwa baridi, na huenda ikachukua siku moja au mbili kabla ya ukuta kushika joto. Ukishashika, lakini, unalitunza. Usiku wa tatu mgeni analala kwenye croglofft akisikia mvua ikigonga sleti juu ya kichwa chake, naye yu mkavu, ana joto, na blanketi halimtoki. Raha hiyo ndiyo iliyomtoa mjini.

Mchana anatembea. Katika nchi hiyo kuna njia za umma ambazo kisheria mtu yeyote anaruhusiwa kupita kwa miguu, hata zikikatiza katikati ya shamba la mtu. Masharti ni mepesi: ulilolikuta limefungwa, lifunge tena, na mbwa wako asiwasumbue kondoo. Akirudi anakalia kizingiti cha dirisha, ambacho ni kipana kama benchi kwa sababu ya unene wa ukuta, akanywa supu ya kondoo, viazi na mboga, iitwayo cawl. Anaandika katika kitabu cha wageni kwamba amepumzika kama hajawahi kupumzika. Jumamosi asubuhi anarudisha ufunguo kwenye kijisanduku na kwenda zake.

Mambo matamu, sivyo? Lakini hebu hesabu: katika wiki nzima, mgeni huyu ameongea na wenyeji wangapi? Yawezekana hata mmoja asiongee naye. Ameingia nyumba ya watu bila kuambiwa "karibu" na mdomo wa mtu.

LUGHA YA NYUMBA HIZO

Wenyeji wa Wales wana lugha yao, Kiwelsh, ambayo wao huiita Cymraeg. Haifanani na Kiingereza hata kidogo. Nyumba ni tŷ, jiwe ni carreg, mawe ni cerrig, na nyumba ndogo ya shambani ni bwthyn. "Karibu" ni croeso na "asante" ni diolch. Kuna pia herufi ll, kama katika jina la mji wa Llanberis. Weka ulimi kana kwamba unataka kusema "l", halafu pulizia hewa pembeni. Jaribuni bwenini usiku, mtaona vituko.

Sisi tuliozoea ngeli tutaielewa tabia moja ya lugha hii kuliko Waingereza. Maneno yake hubadilika mwanzoni. Tŷ ni nyumba, lakini nyumba yangu ni fy nhŷ, nyumba yako ni dy dŷ, na nyumba yake (mwanamke) ni ei thŷ. Anayeweza kusema ukuta na kuta, ulimi na ndimi, hatatishwa na hayo.

Lugha hiyo ilitoka katika nyumba za mawe kama hizi. Karibu na kijiji cha Penmachno iko nyumba ya mawe ya mkulima iitwayo Tŷ Mawr Wybrnant. Hapo ndipo alipozaliwa William Morgan mwaka 1545, aliyeitafsiri Biblia nzima kwa Kiwelsh ikachapishwa mwaka 1588. Kazi hiyo iliipa lugha maandishi sanifu, na wataalamu wengi husema kwamba bila hiyo huenda Kiwelsh kingalikufa zamani.

Haikuwa rahisi. Katika karne ya 19, katika baadhi ya shule za Wales, mtoto aliyesikika akisema Kiwelsh alivishwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi W.N. Alikivaa mpaka amsikie mwenzake akisema Kiwelsh, ndipo akampa. Aliyekuwa nacho jioni alichapwa. Je, hadithi hii ni ngeni kwako? Kwa Mkenya yeyote aliyepewa "monito" au "diski" kwa kuongea lugha ya mama, au hata Kiswahili, uwanjani, si ngeni kabisa. Tulidhani ni sisi peke yetu!

Jambo jingine la kuchekesha na kuhuzunisha: jina "Welsh" wamepewa na Waingereza, na asili yake ni neno la kale lililomaanisha "mgeni". Wao wenyewe hujiita Cymry, lenye maana ya watu wa nchi moja. Yaani mwenyeji aliitwa mgeni akiwa kwake.

UGOMVI

Sasa tumefika. Kwa muda mrefu vijana wa mashambani walihama kutafuta kazi, machimbo mengi ya sleti yakafungwa, na nyumba nyingi za mawe zikabaki tupu. Watu wa mijini waliokuwa na pesa walizinunua kwa bei iliyokuwa nafuu kwao, wakazitengeneza, wakawa wanakuja wakati wa likizo tu. Wengine walizigeuza kuwa nyumba za kukodisha. Mwanzoni haikuonekana kuwa ni shida. Nyumba iliyokuwa ikianguka imepata paa. Ubaya uko wapi?

Ubaya ulikuja polepole. Wanunuzi walipoongezeka, bei ilipanda. Mtoto wa mkulima au mwalimu wa kijijini akitaka kuoa na kuishi alikozaliwa, anashindana na mtu wa mshahara wa mjini anayetafuta nyumba ya pili. Anashindwa. Anahama. Akihama, anahama na watoto ambao wangesoma shule ya kijiji na kuongea Kiwelsh uwanjani. Wakati wa kiangazi kijiji kinajaa magari. Wakati wa baridi madirisha ni giza na dohani hazitoi moshi.

Tazama mfano wa Abersoch, kijiji cha pwani kinachopendwa sana na watu wa likizo. Shule yake ya msingi ilifungwa mwisho wa mwaka 2021 kwa kuwa wanafunzi walikuwa wamebaki wachache sana. Wenyeji wengi walizilaumu nyumba za likizo. Majengo ya kijiji yako mengi na mazuri, lakini kengele ya shule haina wa kumlilia.

Tazama pia hesabu ya lugha. Mwaka 1911 waliosema Kiwelsh walikuwa zaidi ya watu 43 katika kila 100. Mwaka 2021 walikuwa chini ya 18. Nyumba za likizo sizo sababu pekee. Shule, kazi, redio na televisheni za Kiingereza vyote vilichangia. Lakini katika jimbo la Gwynedd, ambako watu wapatao 64 katika kila 100 bado wanasema Kiwelsh, ndiko pia kuliko na nyumba nyingi za likizo. Kwa hivyo moto unawaka pale pale penye nyasi.

Na moto uliwaka kwelikweli. Kuanzia Desemba 1979 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kikundi cha siri kilichojiita Meibion Glyndŵr, yaani "Wana wa Glyndŵr", kilichoma nyumba za likizo zaidi ya 200. Hapo walikosea, kwani nyumba iliyochomwa haimpi kijana wa kijijini mahali pa kulala, na hasira haijawahi kuezeka paa. Wengine walitumia rangi badala ya kiberiti. Kando ya barabara karibu na Llanrhystud kuna ukuta wa nyumba ya mawe iliyobomoka, ulioandikwa Cofiwch Dryweryn, yaani "Kumbukeni Tryweryn". Tryweryn ni bonde ambalo mwaka 1965 lilizamishwa chini ya bwawa, pamoja na kijiji cha Capel Celyn cha wasemao Kiwelsh, ili mji wa Liverpool upate maji. Ukuta huo ulipobomolewa na watu wasiojulikana mwaka 2019, wenyeji waliujenga tena jiwe kwa jiwe.

Mwishowe serikali ya Wales ilichukua njia ya sheria. Tangu mwaka 2022 sheria ya mipango ya ujenzi inatofautisha nyumba ya kuishi, nyumba ya pili na nyumba ya kukodisha kwa muda mfupi. Tangu Aprili 2023 mabaraza yanaruhusiwa kuwatoza wenye nyumba za pili ushuru wa ziada unaoweza kufika asilimia 300. Nyumba ya kukodisha nayo, ili ihesabiwe kuwa ni biashara, iliwekewa mwaka 2023 sharti la kukaliwa na wageni siku 182 kwa mwaka; zamani zilikuwa siku 70 tu. Mwaka 2024 Gwynedd ilikwenda mbali zaidi ikaagiza kwamba anayetaka kugeuza nyumba ya kuishi kuwa ya likizo aombe kibali kwanza. Baadhi ya wenye nyumba waliipinga hatua hiyo mahakamani. Wanasema mgeni analeta kazi: kuna anayefua mashuka, anayeuza kuni, anayepika mkahawani. Nao hawadanganyi.

JE, MWENYEJI HUPONA?

Ili tuwe waadilifu, tutazame mfano wa upande wa pili. Katika bonde moja la Denbighshire kuna nyumba ya mawe ya karne ya 16 iitwayo Dolbelydr. Humo Henry Salesbury aliandika kitabu chake cha sarufi ya Kiwelsh kilichochapishwa mwaka 1593. Nyumba hiyo ilifikia kuwa gofu lisilo na paa. Shirika moja la hisani, Landmark Trust, lilioanzishwa mwaka 1965, liliitengeneza upya, na sasa huikodisha kwa watu wa likizo. Kodi ya wageni ndiyo inayoitunza. Hakuna familia iliyofukuzwa humo, maana waliokuwa wakikaa humo ni ndege. Hapo mgeni alikuja na jengo likapona.

Kwa hivyo wageni hawalingani. Mgeni anayelala katika gofu lililofufuliwa, au katika chumba alichokitenga mkulima zizini mwake ili aongeze kipato, anamponya mwenyeji. Mgeni anayenunua nyumba ya mwisho ya kijiji na kuifunga miezi kumi kwa mwaka, huyo hata akiwa na roho nzuri namna gani, anamwongezea mwenyeji ugonjwa. Kipimo ni kile kile cha nyumba ya usiku mmoja: moshi unatoka?

Tusidhani kwamba haya ni ya Wazungu tu. Huko Lamu na Shela baadhi ya nyumba za mawe zimenunuliwa na wageni kutoka ng'ambo na kugeuzwa nyumba za likizo. Nyingine zilikuwa magofu, zikatengenezwa vizuri kwa chokaa na boriti, na mafundi wetu wakapata kazi na ujuzi haukupotea. Tushukuru kwa hilo. Lakini tujiulize pia: bei zikipanda hata kijana wa Kiamu akashindwa kununua chumba katika mtaa aliozaliwa babu yake, ni nani atakayekaa barazani jioni? Na Kiamu, lahaja iliyobeba tenzi nyingi za kale, kitasemwa na nani mbele ya vidaka vile vilivyonakshiwa? Ukuta unaweza kuwekwa katika orodha ya UNESCO. Mazungumzo ya barazani hayawezi kupigwa lipu.

USHAURI KWA MGENI

Siku moja huenda wewe msomaji ukawa mgeni, Wales au Shela, au hata kijijini kwa rafiki yako. Basi:

1. Jua jina la nyumba unayolala na maana yake. Huko Wales baadhi ya wanunuzi wameyafuta majina ya Kiwelsh na kubandika ya Kiingereza. Hafod, kwa mfano, ni makazi ya mlimani ya wafugaji wakati wa kiangazi, na hendre ni makao yao ya wakati wa baridi. Mfugaji wa Kajiado angelielewa jina hilo mara moja. Ukilifuta, umefuta historia ya kuhama na mifugo.

2. Jifunze salamu kumi za lugha ya mahali hapo kabla ya kufika. Bore da ni salamu ya asubuhi, nos da ni ya usiku. Hazina uzito mfukoni.

3. Nunua mkate, maziwa na nyama kwa muuzaji wa kijijini. Usije na kila kitu kutoka mjini.

4. Kodi nyumba kwa mtu anayeishi hapo hapo, ikiwezekana, na umwombe akuonyeshe mwenyewe jinsi ya kuwasha moto.

5. Usipende mawe ukawasahau watu.

Wahenga hawakuacha methali moja tu kuhusu mgeni. Walisema pia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa likizo hukaa siku saba na hakuna anayempa jembe, kwa sababu aliyestahili kumpa ameshahama. Nionavyo mimi, jembe la mgeni wa siku hizi ni hayo matano niliyoyataja. Akilishika, mwenyeji atapona, na methali yetu tutaiondolea alama ya kuuliza. Serikali ya Wales imejiwekea lengo la kuwa na wasemaji milioni moja wa Kiwelsh kufikia mwaka 2050. Wengi wetu tutakuwa hai, tukijaliwa, kuona kama walifika. Wakati huo tuangalie pia barazani kwetu kunasemwa nini, na nani.

Kwaherini, ama kama wasemavyo wao jioni, nos da!